HISA ZA MFANYAKAZI: BEI SI THAMANI



Mwaka 2022 sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii hapa Uganda ilirekebishwa. Tangu hapo mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45, na aliyechangia kwa muda usiopungua miaka 10, anaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Fedha hizo si zawadi ya mtu. Ni jasho letu: asilimia 5 hukatwa katika mshahara wa mfanyakazi kila mwezi, na asilimia 10 hutolewa na mwajiri.

Baada ya sheria hiyo, katika mkutano wa tawi moja la mashamba ya miwa, ndugu mmoja alisimama akauliza: "Katibu, fedha zangu zimetoka. Mwenzangu mmoja amenunua pikipiki, mwingine kiwanja. Mimi nimeshauriwa ninunue hisa kwa sababu zinapanda. Je, ninunue?" Kabla sijajibu, mzee mmoja alipaza sauti kutoka nyuma: "Hisa ni za matajiri! Mwenye hisa ndiye anayetubana mishahara! Chama kinatufundisha kuwa mabwana?"

Hayo ni maswali mawili, na yote mawili ni ya haki. Siku hiyo muda ulikuwa umekwisha, nikaahidi kujibu katika gazeti letu. Nalipa deni hilo leo.

HISA NI NINI

Kwanza tufahamiane juu ya neno lenyewe. Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Kampuni ikiwa imegawanywa katika hisa milioni moja, na wewe unazo mia moja, basi wewe ni mmoja wa wenye mashine, maghala na magari ya kampuni hiyo, na mzigo wa madeni yake pia unakuhusu, kwa kiasi cha hisa zako mia. Kampuni ikipata faida, sehemu yake huweza kugawiwa wenye hisa. Huo ndio mgao wa faida. Sehemu nyingine hubaki ndani ili kununua mashine au kupunguza deni. Kampuni ikifilisika, wadai wote hutangulia na mwenye hisa husimama mwisho wa mstari. Mara nyingi akifika dirishani hakuna kilichobaki.

Hisa za kampuni zilizoandikishwa huuzwa na kununuliwa katika soko la hisa. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Soko la Kampala lilianza biashara mwaka 1998, na kampuni ya kwanza kuandikisha hisa zake humo ilikuwa Uganda Clays, wale watengenezaji wa matofali na vigae, mwaka 2000.

Basi ukinunua hisa umenunua kipande cha kazi ya watu: kiwanda, shamba, benki au mitambo ya simu. Hujanunua tiketi ya bahati nasibu. Anayesahau jambo hilo moja hupotea mapema, na mimi ni shahidi.

KOSA LANGU MWENYEWE

Nilipokuwa kijana katika mashamba ya chai, kampuni moja ilitangaza kuuza hisa kwa wananchi. Redio ilitangaza asubuhi na jioni. Wasimamizi walinunua, makarani walinunua, hata mwenye duka la kambi alinunua. Mimi nikaenda katika ushirika wetu wa akiba na mikopo, nikakopa shilingi laki sita, nikazitia zote humo.

Sikujua kampuni ile inapata faida kiasi gani. Sikujua ina deni gani. Nililijua jina lake na rangi ya matangazo yake tu. Wiki ya kwanza bei ilipanda, nikajiona mjanja, nikawanunulia wenzangu soda. Ulipofika mwezi wa sita bei ilikuwa imeshuka chini ya ile niliyonunulia. Ushirika ulikuwa unakata mkopo katika mshahara wangu kila mwezi, karo ya watoto ikafika, nikauza. Nilipata laki tatu na themanini elfu. Deni la laki sita niliendelea kulilipa, na riba juu yake, nikiwa sina hisa hata moja mkononi.

Siilaumu kampuni. Kijitabu cha maelezo kilikuwepo, na hesabu zilikuwa zimechapishwa ndani yake. Mimi sikukifungua. Niliuliza swali moja tu, "Je, bei itapanda?", na swali hilo hakuna binadamu awezaye kulijibu. Swali la kuuliza lilikuwa hili: "Kitu hiki kinastahili shilingi ngapi, na ninauziwa kwa shilingi ngapi?"

MWALIMU ALIYEUNGUA MOTO

Mtu aliyeligeuza swali hilo kuwa elimu aliitwa Benjamin Graham. Alizaliwa London mwaka 1894, akapelekwa New York akiwa mtoto mdogo. Baba yake alifariki akiwa na miaka tisa, na mama yake alipoteza akiba kwa kucheza na hisa wakati wa msukosuko wa fedha wa mwaka 1907. Kwa hiyo Graham alijua umaskini kabla ya kujua hisa.

Alipokua akawa mnunuzi wa hisa na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Columbia. Ikaja mwaka 1929. Kipimo cha bei za hisa za viwanda vya Marekani, ambacho kilifika 381 mwezi wa Septemba mwaka huo, kilianguka hadi 41 mwezi wa Julai 1932. Yaani katika kila shilingi mia zilibaki shilingi kumi na moja hivi. Graham mwenyewe aliungua vibaya. Lakini hakukimbia. Alikaa chini akachunguza kosa lilikuwa wapi, na mwaka 1934 yeye na mwenzake David Dodd wakatoa kitabu kikubwa juu ya kupima hisa. Mwaka 1949 akatoa kingine kwa ajili ya watu wa kawaida.

Mafundisho yake, nikiyaweka kwa maneno yetu, ni matatu. La kwanza, hisa ni kipande cha kampuni, na kila kipande kina thamani inayoweza kukadiriwa kwa kusoma hesabu. La pili, bei ya soko ni kitu kingine kabisa. Siku nyingine iko juu ya thamani na siku nyingine chini yake. La tatu, kwa kuwa makadirio yako yanaweza kukosea, nunua pale tu ambapo bei iko chini ya thamani kwa kiasi kikubwa. Hiyo ndiyo nafasi ya usalama. Wenzetu wa kiwandani wanaijua. Winchi iliyopimwa kubeba tani mbili, fundi mwenye akili haitundiki tani mbili kamili kila siku, kwa sababu mizani inaweza kudanganya na mnyororo unaweza kuwa umechoka.

BWANA SOKO

Graham alitoa mfano wa mtu aliyemwita Bwana Soko. Tuseme wewe na yeye mna duka la ubia. Kila asubuhi Bwana Soko anakuja mlangoni na bei mpya: ama anunue sehemu yako, ama akuuzie yake. Leo ameamka na furaha, anataja bei kubwa. Kesho amesikia habari mbaya, anatetemeka, yuko tayari kukuuzia kwa nusu. Duka ni lile lile, rafu ni zile zile, wateja ni wale wale. Je, utaamini kwamba duka limepoteza nusu ya thamani kwa sababu mshirika wako ameamka na homa? Hapana. Unamsikiliza, na kama bei yake haikufai unamwambia arudi kesho. Yeye ni wa kukutumikia. Ukimfanya mwalimu wako umepotea.

Mfano wa jirani tunaujua. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni kumi za Safaricom kwa shilingi tano za Kenya kila moja. Watu walipanga foleni, na wengi walikopa benki ili wanunue. Hisa ziliingia sokoni mwezi wa Juni mwaka huo. Bei ikapita saba, kisha kabla ya mwaka kwisha ikaporomoka, na mapema mwaka 2009 ilikuwa chini ya shilingi tatu. Walionunua kwa mkopo wakauza kwa hasara, kama nilivyofanya mimi kwingine. Lakini itazame kampuni yenyewe: katika kipindi hicho hicho wateja wake walikuwa wanaongezeka. Mgao wa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2008 ulikuwa senti tano kwa hisa. Wa mwaka ulioishia Machi 2021 ulikuwa shilingi moja na senti thelathini na saba. Na mwaka huo wa 2021 Bwana Soko, akiwa na furaha, alitoa zaidi ya shilingi arobaini kwa hisa ile ile. Miaka miwili baadaye, mwaka 2023, akashuka chini ya kumi na tano.

Tuangalie basi. Aliyenunua kwa shilingi tano kwa fedha zake mwenyewe na akatulia alipata faida nzuri. Aliyenunua kwa arobaini kwa sababu "zinapanda" alipata hasara katika kampuni ile ile, iliyokuwa bado inapata faida. Kilichowatofautisha ni bei waliyolipa, na fedha walizolipia zilikuwa za nani.

HESABU ZA DARASA LA SABA

Watu wengi huogopa wakisikia habari za hesabu za kampuni. Wasiogope. Mimi niliishia darasa la saba, na hesabu zinazohitajika ni za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Tuchukue kampuni mbili za kubuni. Kampuni A ina hisa milioni moja na faida yake kwa mwaka, baada ya kodi, ni shilingi milioni ishirini. Gawanya: kila hisa imeleta faida ya shilingi ishirini. Sokoni hisa hiyo inauzwa shilingi 160. Gawanya tena, 160 kwa 20, unapata nane. Maana yake ni kwamba unalipa faida ya miaka minane ili uimiliki. Kampuni B faida yake ni shilingi tano kwa hisa na sokoni inauzwa 200. Gawanya, unapata arobaini. Unalipa faida ya miaka arobaini! Huenda B inakua haraka sana na inastahili bei hiyo. Lakini anayekuuzia ndiye anayepaswa kukuonyesha.

Usiishie hapo. Faida ya mwaka mmoja inaweza kuwa ya mvua nzuri au ya kuuza kiwanja. Chukua faida za miaka mitano au zaidi, uzijumlishe, ugawanye kwa idadi ya miaka, upate wastani. Kisha fungua ukurasa wa mali na madeni. Kampuni A ikiwa inadaiwa na benki fedha nyingi kuliko inazoweza kulipa, ile nane yako si kitu. Kisha tazama kama fedha taslimu zinaingia kweli, au faida ni ya karatasi na wateja hawajalipa. Kisha tazama mgao: je, umelipwa kila mwaka, au hutoka na kukatika kama mvua ya kiangazi?

Mwisho linganisha na mahali pengine pa kuweka fedha. Hapa Uganda mwananchi anaweza kuikopesha serikali kwa kununua hati zake kuanzia shilingi 100,000, akalipwa riba inayojulikana tangu mwanzo. Ikiwa hisa, pamoja na hatari zake zote, haikupi matumaini ya kuzidi riba hiyo kwa kiasi cha maana, kwa nini ujitie mashakani?

KIWANDA CHA NGUO CHA NEW BEDFORD

Sasa nifike mahali ambapo wanunuzi wengi huanguka hata baada ya kujifunza hesabu. Ni pale wanapodhani kwamba kila kilicho rahisi kina thamani. Mfano nitakaoutoa ni wa mwanafunzi maarufu kuliko wote wa Graham, Warren Buffett, na unahusu wafanyakazi wenzetu wa viwanda vya nguo.

Mwaka 1955 kampuni mbili za nguo za kaskazini mashariki mwa Marekani ziliungana zikawa Berkshire Hathaway. Zilikuwa na viwanda 14 na wafanyakazi wapatao 10,000. Lakini biashara ya nguo huko ilikuwa inakufa, kwa maana vitambaa vilitengenezwa kwa gharama ndogo zaidi kwingine. Katika miaka tisa iliyofuata kampuni iliuza bidhaa za dola milioni 530, na baada ya kujumlisha yote ikabaki na hasara ya dola milioni 10. Kiwanda kimoja baada ya kingine kilifungwa.

Mwezi wa Desemba 1962 Buffett alianza kununua hisa hizo kwa dola 7.50. Aliona kwamba fedha na mali za karibu za kampuni, baada ya kutoa madeni, zilikuwa dola 10.25 kwa kila hisa. Kwa hesabu ya mwalimu wake hiyo ilikuwa rahisi kabisa. Ni kama kipisi cha sigara kilichotupwa barabarani: kimebakiza pafu moja, lakini pafu hilo ni la bure. Nia yake ilikuwa kuvuta pafu hilo na kuondoka. Mwaka 1964 mkuu wa kampuni alimwahidi kwa mdomo kwamba kampuni ingenunua hisa zake kwa dola 11.50. Barua ilipokuja ilisema 11.375. Buffett alikasirika kwa pungufu ya senti kumi na mbili na nusu. Badala ya kuuza akanunua zaidi, hata mwezi wa Mei 1965 akashika uongozi wa kampuni na mkuu yule akaondoka. Kwa hasira ya senti chache mtu mwenye hesabu kali kuliko wote alijikuta mwenye kiwanda kinachokufa.

Alikiendesha kwa miaka ishirini. Aliwahi kuwaandikia wenye hisa sababu zake za kutokifunga: kiwanda ni mwajiri muhimu katika mji ule, wasimamizi ni waaminifu, na wafanyakazi na chama chao wameonyesha ushirikiano. Mashine mpya zilinunuliwa mara kwa mara, na kila mara ilionekana kwamba zingeokoa gharama. Lakini wenye viwanda vingine nao walinunua mashine zile zile, bei ya kitambaa ikashuka, na faida yote ikaishia kwa mnunuzi wa kitambaa. Mwaka 1985 kazi ilisimamishwa na mamia ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Mashine ambazo gharama yake ilikuwa dola milioni 13 hivi ziliuzwa zote kwa dola 163,122. Vyerehani vya kufumia vilivyonunuliwa mwaka 1981 kwa dola 5,000 kila kimoja havikupata mnunuzi hata kwa dola 50, vikauzwa kama vyuma chakavu kwa dola 26.

Buffett hakufilisika. Tangu mwaka 1967 alikuwa ametoa fedha katika nguo akazitia katika bima na biashara nyingine, na jina la kiwanda kile limebaki kuwa jina la kampuni yake kubwa, isiyofuma tena kitambaa chochote New Bedford. Yeye mwenyewe amekiri mara nyingi kwamba ununuzi ule ulikuwa kosa. Alijifunza kwamba ni heri kununua biashara nzuri kwa bei ya wastani kuliko biashara mbovu kwa bei ya kutupa. Wahenga wetu walisema mapema zaidi: rahisi huvunja upishi.

Sisi tusome mara mbili. Kwa mnunuzi wa hisa, somo ni kuuliza kama biashara yenyewe ina maisha mbele yake. Kwa mfanyakazi, somo ni chungu zaidi. Wafanyakazi wa New Bedford walikuwa watulivu, wakashirikiana, wakasifiwa kwa maandishi, na bado lango lilifungwa. Mwenye hisa alikuwa na mahali pengine pa kupeleka fedha zake. Mfumaji wa miaka hamsini na tano hakuwa na mahali pengine pa kupeleka mikono yake. Wenzetu wa Jinja, mji ambao viwanda vyake vilikua kwa umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, hawahitaji kufafanuliwa maneno haya.

BIASHARA YENYE TAREHE YA MWISHO

Kuna mtego mwingine, na mfano wake ni wa hapa nyumbani. Mwaka 2012 kampuni ya kusambaza umeme, Umeme, iliuza hisa kwa wananchi kwa shilingi 275. Mgao wake ulivutia wengi. Lakini kampuni ilikuwa inafanya kazi kwa mkataba wa miaka 20 na serikali, ulioanza mwaka 2005. Mkataba ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, nyaya na nguzo zikarudi kwa shirika la umma, na ukabaki ubishi juu ya kiasi gani serikali iilipe kampuni.

Hilo halikuwa siri. Liliandikwa tangu siku ya kwanza. Aliyelisoma alijua kwamba sehemu ya mgao aliokuwa akipokea ni mtaji wake mwenyewe unaorudishwa kidogo kidogo, akafanya hesabu zake ipasavyo. Asiyelisoma alidhani amenunua ng'ombe wa maziwa wa milele. Kwa hiyo uliza daima: kibali hiki, mkataba huu, ardhi hii ya kupanga, mwisho wake ni lini?

KAZI NA AKIBA VISILALE NYUMBA MOJA

Wengine huona fahari kununua hisa za kampuni inayowaajiri. Nawaonya. Mshahara wako tayari unategemea kampuni hiyo. Ukitia na akiba yako humo, siku moto ukiwaka unateketeza vyote viwili. Huko Marekani kampuni ya Enron ilifilisika mwezi wa Desemba 2001. Zaidi ya nusu ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wake katika mfuko wa kampuni ilikuwa katika hisa za Enron hiyo hiyo. Walipoteza kazi na uzee wao kwa pigo moja.

NAMNA YA KUZITUNZA HISA ZAKO

Kwa ndugu aliyeuliza kama anunue, nasema haya.

Kwanza, lipa madeni, weka kando fedha za ugonjwa na za karo. Fedha utakazozihitaji kabla ya miaka mitano zisiende katika hisa. Na usikope kununua hisa; mkopo hukulazimisha kuuza siku ambayo Bwana Soko ana homa.

Pili, nenda kwa wakala mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Atakufungulia akaunti ya hisa kwa jina lako. Anayekuja kambini jioni akiahidi faida ya asilimia kadhaa kila mwezi bila kuonyesha leseni wala hesabu, mfukuzeni.

Tatu, gawa. Graham alishauri kununua kampuni kati ya kumi na thelathini, na kuweka sehemu ya fedha, si chini ya robo, katika hati zenye riba ya uhakika. Soko la Kampala lina kampuni zisizofika ishirini, na baadhi yake zimeandikishwa pia Nairobi. Kwa hiyo hatuna uwanja mpana. Chagua chache unazozielewa katika kazi mbalimbali, nyingine iwe katika hati za serikali. Kumbuka pia kwamba soko letu ni dogo: unaweza kutaka kuuza leo ukapata mnunuzi baada ya wiki kadhaa.

Nne, weka daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, jina la kampuni, bei uliyolipa, faida kwa hisa, deni lake, na sababu ya kununua kwa sentensi mbili. Kama huwezi kuandika sentensi hizo mbili, usinunue. Mara moja kwa mwaka, hesabu mpya zikitoka, fungua daftari ulinganishe. Uza ikiwa sababu uliyoiandika imekufa, au bei imepita sana thamani, au umepata mahali pazuri zaidi. Usiuze kwa sababu jirani ameuza.

Tano, usitegemee utajiri wa haraka. Mtu mwenye akiba ya laki tano hata akipata asilimia kumi na tano kwa mwaka amepata elfu sabini na tano. Ni fedha nzuri ya kuongeza katika akiba, lakini haiwezi kushika nafasi ya mshahara.

JIBU KWA MZEE WA NYUMA

Sasa namgeukia mzee aliyepaza sauti. Mzee wangu, umesema kweli kwamba mwenye hisa na mfanyakazi huvutana juu ya shilingi ile ile. Hadithi ya New Bedford inakuunga mkono. Mfanyakazi mwenye hisa mia moja hajawa bwana wa mtu, na mgao wake kwa mwaka mzima huenda usifikie nyongeza ya mshahara ambayo chama kinaweza kuipata katika meza moja ya majadiliano. Anayedhani hisa zitachukua nafasi ya chama amepotea njia.

Lakini nikuambie jambo lililonitokea. Miaka kadhaa baada ya kupoteza laki zangu, nikiwa nimejifunza kusoma hesabu kwa uchungu, tulikaa kujadili mishahara na mwajiri mmoja. Meneja akasema kama kawaida yao, "Mwaka huu hakuna fedha." Zamani tungepiga kelele au tungenyamaza. Safari hii nilikuwa na hesabu za kampuni mkononi, zile zile zilizochapishwa kwa wenye hisa. Nikamuuliza: "Ukurasa huu unasema faida imepanda, na ukurasa huu unasema mgao wa wenye hisa umeongezwa. Sisi tunaambiwa hakuna. Wao wameambiwa ipo. Nani ameambiwa kweli?" Meneja akaomba mapumziko. Hatukupata yote tuliyodai, lakini tulipata, na kwa mara ya kwanza walijua kwamba tunasoma.

Hiyo ndiyo faida nitakayoitetea mbele yako, mzee. Elimu ya kutenganisha bei na thamani humlinda mfanyakazi asipoteze akiba ya uzee wake kwa kelele za redio. Elimu hiyo hiyo hukipa chama jicho la kuona kampuni ina nguvu kiasi gani kabla ya kudai, na hata kuona mapema kama kiwanda kinakwenda njia ya New Bedford, ili tudai malipo ya kuachishwa kazi wakati fedha bado zipo.

Kwa hiyo napendekeza kwa matawi yote: mwaka huu, hesabu za kampuni zikitoka gazetini, zikatwe zibandikwe katika ubao wa chama. Jumapili moja tukae chini ya mti, wenye hisa na wasio na hisa, tuzisome pamoja mstari kwa mstari. Anayejua kugawanya atamfundisha asiyejua. Kalamu ni jembe pia.

Umoja ni nguvu.

Mwandaaji wa Chama